MLANGO UKIFUNGWA, NJIA IONYESHWE

Yapo mambo ambayo huonekana madogo mpaka yamfike mtu. Mojawapo ni hili la barua pepe ya kikazi kurudishwa, au kupotea kabisa, kwa sababu tu imebeba mafaili yaliyobanwa pamoja. Aliyeituma yuko Unguja au Pemba, akiamini kwamba wajibu wake ameutimiza. Aliyekuwa akiingoja yuko Arusha, akiamini kwamba mwenzake hajafanya lolote. Baina yao umesimama mtambo uliopewa amri ya kukataa, nao umeitii amri hiyo. Hakuna aliyevunja kanuni wala aliyezembea, na kazi ya wananchi imelala.

Tumeona vyema leo tulizungumze jambo hili kwa sababu hatuamini kwamba ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni jambo la utawala, na mara nyingine ni jambo la haki ya mtu.

Arusha tunaitaja kwa makusudi. Jiji hilo lililo chini ya Mlima Meru si la wakaazi wake pekee. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika majengo yaliyofunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012, na hapo ndipo zilipo afisi za Bunge na Mahakama ya Jumuiya hiyo. Hapo pia ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyohamia kutoka Addis Ababa mwaka 2007. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1978 kinaendelea kupokea wajumbe wa kila taifa. Ukielekea Tengeru utaikuta Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na ukishuka Njiro utakikuta Chuo cha Uhasibu, ambako vijana wetu wa visiwani wanaweza kusoma pamoja na wenzao wa Bara.

Na kwa upande wetu, Zanzibar ndiyo makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo ni chombo cha Jumuiya hiyo hiyo yenye makao yake Arusha. Kwa hiyo baina ya visiwa hivi na mji ule hapana budi nyaraka zipite, tena nyingi: taarifa za mikutano, rasimu za miswada, hesabu za miradi, vyeti vya wanafunzi na vielelezo vya mashauri. Zamani nyaraka hizo zilikwenda kwa meli na basi, zikachukua siku kadhaa. Leo zinatakiwa zifike kabla chai haijapoa.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida. Afisa aliyeko Wete ametakiwa kupeleka Arusha taarifa ya mradi. Anazo kurasa mia moja zilizopigwa chapa, majedwali ya hesabu, ramani mbili na picha thelathini. Anaona si adabu kumtumia mwenzake barua ishirini zenye kipande kipande. Anayakusanya mafaili yote, anayabana kuwa faili moja la aina ya zip, analiambatisha kwenye barua yake na kuituma. Baada ya hapo huweza kutokea moja kati ya mambo matatu. Barua inarudi ikiwa na mistari ya Kiingereza cha mitambo ambayo hata aliyesoma haielewi. Au inafika, lakini kiambatisho kimeng'olewa njiani. Au haifiki kabisa, wala hairudi, wala hapana neno lolote linalosemwa. Hilo la tatu ndilo baya kupita yote, na tutalirudia.

Kabla ya kumlaumu yeyote, ni haki kwanza tufahamu kwa nini watu wanabana mafaili, na kwa nini wenye mitambo wanayakataa. Pande zote mbili zina sababu.

Elimu ya kubana maandishi si ya jana. Msingi wake mkubwa uliwekwa na wataalamu wawili wa Israeli, Abraham Lempel na Jacob Ziv, katika maandiko yao ya mwaka 1977 na 1978. Walichokionyesha kinafahamika kwa urahisi: maneno yanayojirudia ndani ya waraka hayana haja ya kuandikwa upya kila mara, inatosha kuonyesha mahali yalipotokea kwanza. Mwaka 1989 Mmarekani Phil Katz akatoa aina ya faili inayoitwa zip, iliyotumia misingi hiyo na ikaweza kufunga mafaili mengi katika mzigo mmoja. Tangu hapo imekuwa kama kikapu cha sokoni, kila mtu anacho.

Kubana kunasaidia sana kwa maandishi na majedwali. Lakini watu wengi hawajaambiwa kwamba kwa picha hakusaidii karibu chochote, kwa kuwa picha za simu na za kamera huwa zimekwishabanwa tangu zinapopigwa. Mwenye kubana picha thelathini amezifunga pamoja tu, hakuzipunguza. Ni kama mtu anayeshindilia karafuu zilizokwisha kukauka: gunia linabaki na uzito ule ule.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya maafisa wetu. Barua pepe ilizaliwa kwa ajili ya maandishi matupu. Ilikuwa tarehe 11 Machi 1992 ndipo mtaalamu wa Marekani, Nathaniel Borenstein, alipotuma kiambatisho kwa utaratibu ambao bado tunautumia, na alichotuma kilikuwa picha na wimbo wa kikundi chake cha waimbaji wanne. Katika utaratibu huo kila baiti tatu za faili hugeuzwa kuwa herufi nne, ili zipite katika njia iliyotengenezwa kwa maandishi. Kwa hiyo faili la megabaiti 9 linapokuwa safarini huwa na megabaiti 12. Mtu aliyeambiwa kwamba kikomo ni megabaiti 10 hutuma faili la megabaiti 9, likakataliwa, naye akadhani mtambo una kasoro. Mtambo hauna kasoro. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza.

Tuje sasa kwa walinzi. Wanaokataa mafaili yaliyobanwa hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Mwezi wa Mei 2000 ilitoka Manila, nchini Ufilipino, barua iliyojifanya ya mapenzi, yenye kiambatisho kilichojificha kama waraka wa kawaida. Waliokifungua waliingiza ndani ya kompyuta zao programu iliyoharibu mafaili na kujituma yenyewe kwa kila jina lililo katika daftari la anwani. Katika siku chache ilienea duniani, na hata Bunge la Uingereza likalazimika kufunga barua pepe yake kwa muda. Tangu hapo hapana msimamizi mwenye akili timamu anayeacha kila kiambatisho kipite bila ya kukaguliwa.

Sasa faili lililobanwa ni sanduku lililofungwa. Mlinzi hana budi kulifungua ili aone kilichomo, na kulifungua nako kuna hatari zake. Lipo faili moja maarufu la zip lenye ukubwa wa kilobaiti 42 tu, ambalo likifunguliwa lote hadi mwisho hutanuka kufikia zaidi ya petabaiti 4, yaani mamilioni ya gigabaiti, na mtambo wowote wa kawaida ungezidiwa. Na ikiwa sanduku limefungwa kwa neno la siri, mlinzi hawezi kabisa kuona ndani. Mwaka 2020 wahalifu walioeneza programu haribifu iitwayo Emotet waliutumia mwanya huo huo: walituma mafaili ya zip yaliyofungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe wakaliandika ndani ya barua, ili msomaji alifungue kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho mlinzi asingeweza kukikagua.

Kwa hiyo tunasema wazi kwamba tahadhari hiyo tunaiunga mkono. Afisi ya umma inatunza siri za Serikali na taarifa za watu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, iliyotungwa mwaka 2022, na kabla yake ilikuwapo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwenye kuacha milango wazi hawezi kusema hakuonywa. Tahadhari kabla ya hatari.

Lakini swali letu kwa wahusika ni hili: mlango ukishafungwa, mwenye kazi halali apite wapi?

Mara nyingi jibu la swali hilo halipo, na pasipo na jibu watu hujitafutia. Wako wanaobadilisha mkia wa jina la faili, wakaondoa neno zip na kuweka jina jingine, kisha wakamwandikia mwenzao alirudishe kama lilivyokuwa. Wako wanaohamia kwenye barua pepe zao binafsi, ingawa viongozi wa Serikali wamekwisha kuhimiza mara nyingi kwamba mawasiliano ya kikazi yapite katika mfumo rasmi wa barua pepe wa Serikali. Wako wanaopiga picha waraka kwa simu na kuutuma katika kundi la WhatsApp lenye watu mia moja. Na wako wanaoweka kila kitu katika kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili, wakampa abiria wa boti kutoka Mkoani, au wa basi liendalo Arusha, na kumwomba Mungu amfikishe salama.

Tutazame matokeo yake. Mtambo ulifunga mlango ili kulinda siri, na siri zimetoka kwa dirishani. Nyaraka za umma zimekaa katika simu ya mtu binafsi, ambayo kesho ataiuza au itaibiwa. Mtumishi akistaafu anaondoka nazo. Mkaguzi akija hazioni. Kumbukumbu ya nani alituma nini na lini haipo katika afisi yoyote. Kanuni iliyowekwa kwa nia njema imezaa hatari kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kuikinga, na aliyeiweka hana habari, kwa kuwa vitabu vyake vinaonyesha kwamba mafaili yote mabaya yamezuiwa.

Hatusemi haya kuwasuta watumishi. Wengi wao wanafanya hivyo ili kazi iende. Mtumishi anayeambiwa na mkubwa wake kwamba taarifa iwe Arusha kabla ya saa tisa, kisha mtambo ukamkatalia, amewekwa baina ya amri mbili. Atatii ile ya mwenye kumwandikia ripoti ya utendaji wake.

Wenzetu wa Japani wamelipitia jambo hili, na tunaweza kujifunza kwao. Kwa miaka mingi afisi zao, za Serikali na za makampuni, zilikuwa na desturi ya kutuma faili la zip lililofungwa kwa neno la siri, kisha neno la siri lenyewe likatumwa katika barua ya pili, kwa njia ile ile na kwa anwani ile ile. Kila mtu alijiona amelinda siri. Kwa kweli aliyeweza kuiba barua ya kwanza aliweza kuiba na ya pili, na mlinzi wa mtambo alikuwa amefumbwa macho asione kilichomo. Mwezi wa Novemba 2020 Waziri aliyeshughulikia mageuzi ya kidijitali, Hirai Takuya, alitangaza kwamba Afisi ya Baraza la Mawaziri inaiacha desturi hiyo. Taifa lenye sifa ya ufundi lilikubali hadharani kwamba lilikuwa likitimiza sura ya usalama bila ya usalama wenyewe. Si aibu kukubali hivyo. Aibu ni kuendelea.

Sasa turudi kwenye lile la tatu, la barua inayomezwa kimya kimya.

Arusha hiyo hiyo ndiyo makao ya Umoja wa Posta wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 1980, na mnara wake mpya ulifunguliwa mwaka 2023. Watu wa posta wana desturi ya kale iliyo sawa na amana: kifurushi kisichoweza kufikishwa hurudishwa kwa mwenyewe, na juu yake huandikwa sababu. Anwani haikutosha, mpokeaji amehama, mpokeaji amekataa, kitu chenyewe hakiruhusiwi. Aliyetuma akishaipata sababu hujua la kufanya.

Waasisi wa barua pepe waliichukua adabu hiyo hiyo. Kanuni za msingi zilizoandikwa na Jonathan Postel mwezi wa Agosti 1982 zilieleza kwamba mtambo ukishaipokea barua umechukua dhamana yake, na ukishindwa kuifikisha unapaswa kumwarifu aliyeituma. Mitambo mingi ya leo imeiacha adabu hiyo, kwa hoja kwamba wahalifu hughushi anwani na kwa hiyo taarifa za kurudisha zingemwangukia mtu asiyehusika. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake inajulikana: mtambo uikatae barua pale pale mlangoni, kabla ya kuipokea, ili mtambo wa aliyetuma ndio umwambie mtu wake. Kupokea kwanza na kutupa baadaye bila ya kusema ni jambo ambalo posta yoyote ingelionea haya.

Pengine yupo atakayesema kwamba tunalikuza jambo dogo. Tumwombe atazame Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara yake ya 30 inampa mkaazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kufungua shauri katika Mahakama ya Jumuiya kupinga sheria au kitendo kinachokiuka Mkataba. Ni haki kubwa, na mtu wa Micheweni anayo sawasawa na mtu wa Kampala. Lakini Mkataba unaweka muda wa miezi miwili tu, na Mahakama yenyewe imekwisha kuamua kwamba haina uwezo wa kuuongeza. Basi mtu huyo wa Micheweni akimtumia vielelezo wakili wake aliyeko Arusha katika wiki ya mwisho, na mtambo wa afisi ya wakili ukavimeza bila ya kusema, wakili atangoja, mteja atangoja, na siku ya sitini itapita. Baada ya hapo hapana wa kumlilia. Haki aliyopewa na mataifa kadhaa kwa pamoja imemponyoka kwa sababu ya kikapu cha kubebea mafaili.

Na sheria haimsaidii kwa urahisi. Sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 kuhusu biashara ya kielektroniki, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inahesabu ujumbe kuwa umepokewa pale unapoingia katika mfumo wa habari uliotajwa na mpokeaji. Je, barua iliyoingia mlangoni ikatupwa na mlinzi kabla ya mwenyewe kuiona, imepokewa au haikupokewa? Wanasheria wanaweza kulijadili hilo mpaka jua lizame nyuma ya Meru. Mwananchi asiye na fedha za kuwalipa angependelea swali hilo lisizuke.

Tunatoa basi mapendekezo yetu kwa wakuu wa afisi, wa Bara na wa visiwani, pamoja na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019, na mwenzake wa Zanzibar, yaani eGAZ.

Kwanza, kila afisi ya umma itangaze masharti yake. Iandikwe katika tovuti yake na chini ya kila barua inayotoka, kwa Kiswahili kinachofahamika: kiambatisho kisizidi ukubwa gani, aina gani zinakubaliwa, aina gani hazikubaliwi. Hili halihitaji bajeti wala semina. Linahitaji mtu mmoja kukaa kwa saa moja na kuandika.

Pili, pawepo na njia halali ya mizigo mikubwa. Wataalamu wanayo: faili huwekwa katika hifadhi ya Serikali, na barua hubeba kiungo tu cha kulifikia. Hapo mlinzi hulikagua faili kwa nafasi yake, mwenye ruhusa hulifungua, kumbukumbu ya aliyelifungua hubaki, na muda ukipita kiungo hufa. Njia hiyo isiwe ya maafisa peke yao. Mwalimu wa skuli, mwanafunzi, wakili na mkulima wa kahawa wa Arumeru nao wawe na mahali pa kuweka nyaraka wanazotakiwa kuzipeleka serikalini.

Tatu, kila kinachokataliwa kirudishiwe jibu, na jibu liwe la lugha ya watu. Maneno kumi yanatosha: kiambatisho chako hakikupokewa kwa sababu hii, tafadhali tumia njia hii.

Nne, panapokuwa na siku ya mwisho, anayeweza kuonyesha kwamba alituma kwa wakati na akakataliwa na mtambo apewe nafasi ya kutuma upya, pale ambapo sheria inaruhusu. Pale ambapo sheria hairuhusu, kama katika mfano wa Mahakama tulioutoa, wajibu wa kuwaonya watu mapema ni mkubwa zaidi.

Tano, desturi ya kufunga mafaili kwa neno la siri na kulituma neno hilo kwa njia ile ile ikomeshwe. Ikiwa hapana budi kufunga, neno la siri lipelekwe kwa simu ya mdomo, kwa mtu anayejulikana.

Hatuwezi kuwaacha wasomaji wetu wenye kutuma, kwani nao wana sehemu yao. Wengi hutuma mizigo mizito bila ya sababu. Ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida ukipitishwa katika skana kwa rangi kamili, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, hutoa picha yenye nukta zaidi ya milioni 8.6, ambazo kabla ya kubanwa ni megabaiti 26 hivi. Ukurasa ule ule kwa rangi nyeusi na nyeupe ni kiasi cha megabaiti moja, yaani sehemu moja ya ishirini na nne. Barua yenye muhuri na sahihi inasomeka vizuri bila ya rangi, isipokuwa pale ambapo mpokeaji ametaka rangi. Anayetaka kupunguza mzigo na aanzie kwenye skana, asingoje mpaka wakati wa kubana. Na waraka ulioandikwa katika kompyuta hauna haja ya kuchapwa, kutiwa katika skana na kugeuzwa picha. Utumwe kama ulivyo, utakuwa mwepesi na utaweza kutafutwa maneno yake.

Vilevile tusitume dakika ya mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ya nchi za Afrika Mashariki, ikiwemo yetu, ikadhoofika kwa siku kadhaa. Sisi watu wa visiwani tunaijua bahari kwa muda mrefu kuliko tunavyoijua intaneti, na tunajua kwamba mwenye kusafiri haweki kituo chake siku ile ile ya arusi. Ukituma, piga simu uulize kama mzigo umefika. Uliza pia kama umefunguka.

Tunafahamu kwamba baadhi ya wasimamizi wa mitambo watasema wao ni wachache, na kwamba lawama ya uvamizi mmoja ikiwaangukia hapana atakayekumbuka barua elfu walizozipitisha salama. Tunalikubali hilo. Mlinzi anayeadhibiwa kwa mwizi aliyeingia, lakini haulizwi kamwe juu ya mgeni aliyefukuzwa, ataendelea kufukuza wageni. Ndiyo maana tunaona kwamba suala hili lipandishwe ngazi. Mkuu wa afisi anapopokea ripoti ya usalama ya mwezi, asiulize tu ni barua ngapi mbaya zilizozuiwa. Aulize pia ni barua ngapi halali zilizozuiwa pamoja nazo, na wenyewe waliambiwa nini. Likiulizwa kila mwezi, litaanza kuhesabiwa. Na likianza kuhesabiwa, litapungua.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa mwaka 1967 na kufa mwaka 1977, nayo ilikuwa na makao yake Arusha. Ilikufa kwa sababu kubwa kuliko hizi tunazozizungumza. Hii ya pili, iliyoanzishwa kwa Mkataba wa mwaka 1999, imekua na kufikia nchi nane. Ukubwa huo utakuwa na faida kwa mtu wa kawaida ikiwa tu karatasi yake itafika mezani inapotakiwa. Tunawaomba wakuu wa afisi wasingoje agizo kutoka juu. Waanze na lile la kwanza, la kuandika masharti yao kwa Kiswahili na kuyabandika panapoonekana. Afisa wa Wete akishayasoma, atajua afanye nini na mzigo wake.